Gesi na vimiminika uani kwako: majaribio ya kemia yasiyohitaji maabara

Jumamosi baada ya adhuhuri vijana wa mtaani kwetu Chikongola, hapa Mtwara mjini, huja barazani kwangu na madaftari ya kemia. Wengi ni wa kidato cha kwanza na cha pili. Kukariri wanajua: gesi haina umbo wala ujazo wake, kimiminika kina ujazo wake lakini umbo kinaazima kwenye chombo. Ukiwauliza kwa nini iwe hivyo, kimya kinatanda. Siwalaumu. Hewa huielewi kwa kusoma habari zake, mpaka uibane kwa kidole gumba uisikie inakataa.

Haya ndiyo majaribio tunayofanya. Kwa kila moja jiulize maswali mawili: chembe za kitu hiki zimeachana kiasi gani, na zinakwenda mbio kiasi gani?

Kwenye kimiminika chembe zimegusana. Zinateleza na kupishana mfano wa abiria waliosimama kwenye kivuko cha Msangamkuu siku kimejaa: mtu anaweza kujipenyeza kutoka ubavu huu hadi ule, lakini huwezi kuongeza wengine hamsini kwa kuwasukuma. Kwenye gesi, nafasi kati ya chembe na chembe ni karibu mara 10 ya ukubwa wa chembe yenyewe, na mwendo ni mkali. Molekuli za hewa unayovuta sasa hivi zinakwenda karibu mita 500 kwa sekunde. Hazifiki mbali kwa sababu zinagongana kila wakati. Ukizishika picha hizi mbili, mengi yatakayofuata utayatabiri kabla hujayaona.

Vya kuandaa

Nunua duka la dawa bomba la sindano jipya la ml 20, uchukue bomba peke yake bila sindano. Tafuta mizani ya jikoni inayosoma hadi kilo 5, chupa ya soda ya kioo, puto, mshumaa mfupi, magadi soda ile ya unga mweupe, siki, sindano ya kushonea, rangi ya chakula au wino, rula, kipande cha ndala iliyokatika, na lita moja ya maji ya bahari. Ukikosa siki, maji ya ndimu au ya ukwaju yanatosha. Kipimajoto kikipatikana ni neema, kisipopatikana tutakadiria.

Kabla ya jambo lolote, pima ml 200 za maji ya bahari umimine kwenye sahani pana, na ml 200 nyingine kwenye glasi. Viweke vyote viwili juu ya bati au mahali penye jua na upepo ambapo kuku hawafiki. Viache hapo. Tutavirudia mwishoni.

Hatua ya 1: Bana hewa, kisha bana maji

Vuta pistoni mpaka alama ya 20. Ziba ncha kwa kidole gumba. Sukuma. Pistoni inaingia, inaingia, halafu inazidi kuwa ngumu, na ukiiachia inarudi yenyewe. Sasa toa hewa yote, vuta maji hadi alama ya 10, ziba, sukuma tena. Haiendi hata kidogo. Mpe na mwenzako mwenye mkono mzito ajaribu.

Ulichokigusa hapo ni ile nafasi kati ya chembe. Hewa imebanika kwa sababu chembe zake zilikuwa zimeachana. Maji yamegoma kwa sababu zilikwishagusana. Ndiyo maana breki za gari husukumwa kwa mafuta, na hewa ikiingia kwenye bomba la breki dereva anakanyaga pedeli inazama tu: nguvu ya mguu inaishia kubana hewa badala ya kufika kwenye gurudumu.

Tusiishie kwenye kuhisi. Jaza tena hewa hadi alama ya 20. Geuza bomba ncha iangalie juu, kitako cha pistoni kikae juu ya mizani, ziba ncha kwa kidole na ukandamize bomba lote kwenda chini taratibu. Mwenzako asome mizani pistoni ikifika alama ya 15, ya 10 na ya 8.

Kabla hujaandika majibu ondoa msuguano, maana mpira wa pistoni unasugua ukuta wa bomba na kuongeza uzito wa uongo. Fanya zoezi lilelile ncha ikiwa wazi, soma mizani pistoni ikitembea, kisha namba hiyo uitoe kwenye kila kipimo. Vijana wengi huruka kipengele hiki halafu wanalalamika kuwa kanuni haifanyi kazi.

Sasa hesabu. Pima kwa rula urefu kutoka alama ya 0 hadi ya 20. Kwenye bomba langu ni sentimita 6.4. Ujazo wa 20 ukigawa kwa 6.4 unapata eneo la pistoni, sentimita za mraba 3.1. Hewa ya dunia, mahali kama hapa petu palipo usawa wa bahari, inakandamiza kila sentimita moja ya mraba kwa uzito wa kilo moja na ushee kidogo, kama 1.03. Kwa hiyo kabla hujasukuma chochote, pistoni yako tayari imebeba karibu kilo 3.2 za hewa, na hewa ya ndani inaisukuma kwa nguvu hiyohiyo kutoka upande wa pili. Ili hewa ya ndani ibaki nusu ya ujazo, presha yake lazima iwe maradufu, yaani lazima uongeze kilo nyingine 3.2. Angalia mizani yako kwenye alama ya 10. Kwenye alama ya 15 utasoma kama kilo 1.1, na kwenye 8 kama 4.8.

Zidisha presha yote kwa ujazo kwenye kila alama: 3.2 mara 20, 4.3 mara 15, 6.4 mara 10, 8.0 mara 8. Kila jibu linakuja 64 au karibu kabisa na hapo. Robert Boyle alilitangaza jambo hili mwaka 1662, na wewe umelipata kwa bomba la duka la dawa. Vitabu vya Kiswahili huita presha hii kanieneo. Mtaani ni presha, na ndilo neno nitakalotumia.

Presha haiongezeki kwa kubana tu. Ukiongeza idadi ya chembe kwenye chombo kilekile inaongezeka vilevile, na hilo nilijifunza kwa hofu. Nikiwa darasa la 6, msimu wa korosho, nilikamua mabibo nikajaza chupa ya kioo, nikaifunga kwa nguvu zangu zote na kuificha chini ya kitanda ninywe peke yangu. Usiku wa pili ikapasuka kwa kishindo, vigae vikaruka hadi ukutani. Bibi alikuja mbio na kibatari mkononi, akatazama, akasema, "Mjukuu wangu, mabibo hayafungwi." Alikuwa sahihi kikemia. Hamira za asili zilizo kwenye tunda hula sukari na kutoa kilevi pamoja na gesi ya kabonidayoksaidi. Gesi ilizaliwa chembe baada ya chembe ndani ya nafasi isiyopanuka, kila chembe mpya ikiongeza kipigo kwenye kioo, mpaka kioo kikashindwa. Wanaotengeneza uraka, pombe ya mabibo, huuacha upumue kwa sababu hiyohiyo.

Hatua ya 2: Pasha hewa

Chukua chupa ya soda ya kioo, tupu na kavu, uivishe puto mdomoni. Isimamishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwanza, kisha ongeza maji ya moto kidogo kidogo. Usiitumbukize ghafla kwenye maji yaliyochemka, kioo kitaachana. Puto litanyanyuka na kusimama. Hamishia chupa kwenye maji yenye barafu: puto litalala, na mara nyingine litavutwa liingie shingoni mwa chupa.

Hakuna hewa iliyoingia wala kutoka. Chembe ni zilezile, ila zikipata joto zinakimbia zaidi na kudai nafasi zaidi. Mfaransa Jacques Charles alilifanyia kazi jambo hili miaka ya 1780, na mwenzake Joseph Louis Gay-Lussac akalichapisha mwaka 1802. Hesabu yake inatupendelea sisi wa pwani. Joto la kemia huhesabiwa kuanzia nyuzi 273 chini ya sifuri, kwa hiyo siku ya kawaida ya Mtwara ya nyuzi 27 za Selsiasi ni 300 kamili kwenye kipimo cha Kelvini. Gesi ya nyuzi 27, ikiachiwa itanuke, huongezeka sehemu 1 kwa 300 kwa kila nyuzi moja. Chupa yako ikiwa ya ml 300, kila nyuzi moja inaongeza ml 1. Ukiifikisha nyuzi 87, puto limepokea ml 60 za ziada. Hiyo si hesabu ya kukisia, unaweza kuilinganisha na kikombe cha kupimia.

Zingatia neno "ikiachiwa". Ikifungiwa pasipo na nafasi, kinachopanda ni presha. Mtu wa bodaboda anayejaza tairi likaiva asubuhi ya baridi, kisha akashinda kwenye lami ya moto ya barabara ya Mikindani, atakuta mchana limekaza zaidi.

Hatua ya 3: Rangi kwenye maji

Hii ni fupi. Glasi mbili, moja ya maji ya moto na moja ya maji ya barafu, zitulie dakika moja. Dondosha tone moja la rangi kwenye kila glasi, usikoroge. Kwenye ya moto rangi inasambaa haraka, kwenye ya baridi inaning'inia kama uzi. Sehemu ya kasi hiyo inatokana na mikondo ya maji moto, lakini hata maji yakitulia kabisa, chembe zenye joto huchanganyika upesi kuliko za baridi. Moshi wa udi unavuka chumba kwa dakika chache wakati rangi kwenye maji baridi inachukua saa nyingi. Kwenye hewa njia ni nyeupe, kwenye maji kila hatua kuna wa kumpisha.

Hatua ya 4: Mimina gesi kama maji

Washa mshumaa mfupi ndani ya kikombe. Kwenye jagi weka vijiko viwili vya magadi soda, mimina nusu kikombe cha siki, acha povu lipande na kutulia. Sasa inamisha jagi juu ya mshumaa kana kwamba unamimina, ila kimiminika chenyewe kisitoke. Mwali unainama na kuzimika. Umemimina kitu kisichoonekana, nacho kimeteremka.

Kabonidayoksaidi imeshuka kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Amedeo Avogadro alieleza mwaka 1811 kwamba gesi zenye ujazo sawa, kwa joto sawa na presha sawa, zina idadi sawa ya molekuli. Kwa hiyo gesi gani ni nzito inaamuliwa na uzito wa molekuli yake moja. Tukihesabu atomu moja ya haidrojeni kuwa 1, hewa kwa wastani ni 29. Haidrojeni ni 2, heliamu 4, methani 16, mvuke wa maji 18, kabonidayoksaidi 44, propani 44, butani 58. Andika namba hizi ukutani jikoni kama unapikia gesi, nitakuambia kwa nini.

Mtungi wa gesi, usomwe taratibu

Sehemu hii haina jaribio la moto, na naomba asitokee mtu wa kujitungia. Mtungi wa kilo 6 au 15 ulio jikoni una mchanganyiko wa propani na butani. Zilinganishe na 29 ya hewa: zote mbili ni nzito zaidi, karibu mara moja na nusu hadi mara mbili. Zikivuja haziendi darini. Zinajikusanya sakafuni, chini ya meza, chini ya kitanda kama chumba ni kimoja, mithili ya ile uliyoimimina kwenye mshumaa. Mtu aliyesimama anaweza asinuse vizuri wakati gesi imefika magotini.

Ukinusa harufu ya gesi, funga vali. Fungua mlango mpaka mwisho, maana mlango ndio unaofika chini, dirisha la juu halitoshi. Taa usiiwashe, na kama inawaka usiizime, kwa sababu swichi hutoa cheche pande zote mbili. Watoe watu nje, na simu ipigwe ukiwa nje. Harufu yenyewe huongezwa makusudi, gesi kama ilivyo haina harufu. Kuangalia kama maungio yanavuja, paka povu zito la sabuni kwenye kichwa cha mtungi na kwenye mpira. Panapovimba vipovu ndipo. Kiberiti kisikaribie.

Tikisa mtungi kidogo usikie unavyocheza ndani. Hicho ni kimiminika. Butani huchemka kwenye nyuzi 0.5 chini ya sifuri na propani kwenye 42 chini ya sifuri, hivyo kwa joto la Mtwara zilitakiwa ziwe gesi zote. Zimebaki kimiminika kwa sababu presha ya ndani imezikusanya chembe mpaka zikagusana. Kila unapofungua vali gesi ya juu inatoka, na kimiminika kinachemka kidogo kujaza pengo. Kwa hiyo presha ya mtungi haishuki polepole kama ya tairi. Inabaki karibu palepale mpaka kimiminika kiishe, ndipo mwali unanyong'onyea ghafla ukiwa katikati ya wali. Anayekuambia mtungi bado upo nusu kwa kutazama mwali anakisia. Njia ya uhakika ni mizani: uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake, toa huo kwenye uzito unaosoma.

Ipo na njia ya shangazi zetu, nayo ni fizikia safi. Mwagia maji ya moto ubavuni mwa mtungi kutoka juu hadi chini, subiri kidogo, pitisha kiganja. Sehemu ya juu itakuwa na joto, halafu ghafla mkono unagusa baridi. Mpaka huo ndio uso wa kimiminika. Kimiminika kina chembe nyingi za kulinyonya lile joto, gesi ina chache.

Mtungi usimame wima siku zote. Ukilazwa, kinachotoka ni kimiminika, na kikombe kimoja cha kimiminika kile kinakuwa vikombe kama 250 vya gesi.

Mzee mmoja, jirani yangu, aliwahi kuniuliza kwa uchungu: "Mwalimu, gesi inachimbwa hapa kwetu, mbona mitungi inatoka Dar?" Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo, mkoa wa Lindi, mwaka 1974, na Mnazi Bay hapa Mtwara mwaka 1982. Tangu 2015 kuna bomba kubwa linaloipeleka Dar es Salaam. Swali lake lina upande wa siasa na uchumi, lakini lina na upande wa kemia ambao hauelezwi. Gesi yetu karibu yote ni methani. Propani na butani ukizibana kwa presha ya kiasi tu zinakuwa kimiminika hata juani. Methani haikubali. Juu ya nyuzi 82 chini ya sifuri, hata uibane vipi, haigeuki kimiminika, kwani chembe zake zinakimbia kuliko mvuto mdogo ulio kati yao. Kwa joto letu unaweza kuisafirisha kwa bomba, au kuibana karibu mara 200 ya presha ya hewa kwenye mitungi minene ya magari na bajaji, lakini huwezi kuiweka kwenye mtungi mwepesi wa jikoni ikatosha kupikia mwezi. Ili iwe kimiminika lazima ipoozwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, na hapo inasinyaa mara 600. Hiyo ndiyo kazi ya kiwanda kilichopangwa kujengwa Likong'o, Lindi. Mitungi ya dukani inajazwa propani na butani zinazoletwa nchini kwa meli.

Na rudi kwenye ile orodha: methani ni 16, nyepesi kuliko 29. Nyumba iliyounganishwa na bomba la gesi asilia ina hatari ya upande wa pili, gesi yake hupanda darini. Tundu la hewa huko linatakiwa juu. Kwa mtungi linatakiwa chini. Fundi asiyejua tofauti hii mwambie asubiri kwanza, umwoneshe mshumaa na jagi.

Hatua ya 5: Ngozi ya maji na mnato wa mafuta

Jaza bakuli maji safi. Weka sindano ya kushonea juu ya kipande kidogo cha karatasi ya chooni, uviteremshe polepole juu ya maji. Karatasi italowa na kuzama, sindano itabaki imelala juu ya maji. Inamisha macho usawa wa bakuli uone uso wa maji ulivyobonyea chini yake kama godoro. Dondosha tone la sabuni ya maji pembeni. Sindano inazama papo hapo.

Chembe ya katikati ya maji inavutwa na wenzake kila upande. Ya juu haina wa kuivuta kutoka juu, hivyo zote za usoni zinavutana kwa ubavu na chini, uso unakaza. Sabuni hujiingiza kati yao na kulegeza mkazo. Ndiyo sababu nguo ikifuliwa kwa maji matupu maji yanateleza juu ya mafuta, na ukiweka sabuni yanapenya.

Mnato, yaani uzito wa kimiminika kutiririka, pima hivi: mimina kijiko cha maji, cha mafuta ya nazi na cha asali kwenye ubao ulioinamishwa, hesabu sekunde hadi kila kimoja kifike chini. Pasha asali ndani ya maji ya moto urudie. Mafuta ya nazi yana jambo la ziada ambalo watu wa bara hawalioni kwa urahisi kama sisi. Yanaganda kwenye nyuzi 24 hivi. Machi ni maji matupu. Usiku wa Julai, kusi likivuma, asubuhi unakuta chupa imekuwa nyeupe. Mtwara inakaa juu ya mpaka huo, kwa hiyo mwaka mzima unamwona yabisi na kimiminika wakibadilishana zamu kwenye rafu moja.

Hatua ya 6: Mvuke unaoingia na kutoka

Binti mmoja wa kidato cha kwanza aliniletea glasi ya maji ya barafu akasema, "Shikamoo mwalimu. Hii inavuja." Nje ilikuwa imejaa matone. Sikumjibu. Tukaipangusa ikakauka, tukaifunika kwa sahani ndogo, tukaiweka na kifuniko chake juu ya mizani. Ilianza gramu 412. Baada ya dakika 20, huku matone yakichuruzika, ilisoma gramu 415. Kama ingekuwa inavuja, maji yangehama tu kutoka ndani kwenda nje na uzito ungebaki 412. Zile gramu 3 zilitoka hewani. Alikaa akiitazama mizani muda mrefu, kisha akauliza kama hewa yote ya chumbani ina maji. Ndiyo, yote. Hewa yetu ya pwani imebeba mvuke mwingi, na chembe zake zikigusa kioo baridi zinapungua mwendo, zinashikana, zinakuwa tone.

Kinyume chake ni mtungi wa udongo. Maji hupenya ukuta wake na kukauka kwa nje. Zinazoondoka ni chembe zenye mbio kuliko nyingine, zinabaki za polepole, na chembe za polepole maana yake ni baridi. Kila gramu 1 inayokauka inachukua joto la kupoza karibu gramu 580 za maji kwa nyuzi moja. Mtungi wa lita 10 ukipoteza ml 100, yaani chini ya nusu ya kikombe kikubwa, unaweza kupoa karibu nyuzi 6, ila joto la nje nalo linaendelea kuingia hivyo hutazipata zote. Uweke penye upepo. Ukiufunika kwa plastiki kuutunza, umeuua.

Hatua ya 7: Chemsha maji bila moto

Hili ndilo wanaloliomba warudie. Chemsha maji yachemke hasa, nusu yake yaache yapoe kabisa. Changanya kikombe kimoja cha yanayochemka na viwili vya yaliyopoa, utapata nyuzi 50 hivi. Vuta ml 5 kwenye bomba la sindano, elekeza ncha juu, sukuma povu la hewa lote litoke. Kandamiza ncha kwenye kipande cha ndala isipitishe hewa, mwenzako avute pistoni kwa nguvu. Maji yatatoka vipovu na kuchemka mkononi mwenu kwenye nyuzi 50 tu.

Mjuaji atasema hiyo ni hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji. Ana hoja, na ndiyo maana tulitumia maji yaliyochemshwa, ambayo hewa yake nyingi imeshatoka. Achia pistoni irudi uangalie: vipovu vya mvuke vinatoweka kabisa, vya hewa hubaki vidogo vidogo vikielea.

Kuchemka si suala la nyuzi 100. Ni pale ambapo msukumo wa chembe zinazotaka kuruka unalingana na presha inayozikandamiza kutoka juu. Sisi wa usawa wa bahari tunabeba hewa yote, tunafika 100. Newala, juu ya uwanda wa Makonde, hewa ya juu yao ni pungufu, maji yanachemka kabla ya 100, na maharage yanahitaji muda zaidi kidogo. Sufuria ya presha inafanya kinyume, inazuia mvuke na kupandisha kuchemka hadi karibu 120. Mvuke wenyewe ni mwingi kuliko watu wanavyodhani. Gramu moja ya maji inakuwa karibu lita 1.7 ya mvuke, basi kifuniko cha sufuria hiyo kisifunguliwe kabla presha haijatoka.

Sahani juu ya bati

Jua likiwa zuri, hasa kati ya Juni na Oktoba kabla mvua za msimu wetu mmoja hazijaanza, sahani itakauka kwa siku moja au mbili. Glasi itachukua siku nyingi, ingawa ilipewa maji yaleyale ml 200, kwa sababu chembe huruka kutoka usoni tu na uso wa glasi ni mdogo. Wachimba chumvi wa pwani ya Lindi na Mtwara hutandaza maji kwenye majaruba mapana yenye kina kifupi kwa hesabu hiyohiyo.

Kwangua sahani upime. Maji ya bahari yana karibu gramu 35 za chumvi kwa lita, hivyo tarajia gramu 7, zaidi kidogo ya kijiko cha chai. Kabla ya kukwangua, lete uso karibu na sahani jua likipiga kwa ubavu. Pale maji yalipokauka polepole kuliko kwingine, aghalabu katikati, utaona punje zilizojichonga pembe nne, kingo zimenyooka kama zimekatwa kwa wembe. Chembe zilizokuwa zikielea peke yake kwenye maji zimepata mahali pa kukaa, kila moja kwa mpangilio wake.

Glasi iache ilipo. Ipime kila jioni saa kumi na mbili, uandike namba.